Mpaka Gamba Liote

Ardith Haws alikuwa na kanuni tatu, na kila mtoto aliyekulia Harlow, kusini mwa Utah, alizijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ya kwanza: jangwani unakanyaga mwamba. Ya pili: pasipo na mwamba, pita kwenye mchanga wa korongo kavu, kwa kuwa mafuriko yatakuja kuzifuta nyayo zako. Ya tatu: ukiteleza ukakanyaga gamba, simama hapo hapo, geuka, urudi ukizikanyaga nyayo zako zile zile, usiongeze hata moja.

Gamba ni ngozi ya juu ya udongo wa huko, nyeusi, yenye vinundu, kama ukoko ulioganda chini ya sufuria. Mgeni huona uchafu tu. Kumbe lina uhai. Ndilo linaloshika mchanga usipeperuke, ndilo linalotunza umande ili maua yapate kuota. Buti moja hulivunja mara moja. Kuota tena ni shughuli ya miaka, na si mitatu wala minne.

Kanuni ya nne ilikuja baadaye, na ilikuja kwa gharama. Hiyo iliwahusu wenye kamera: picha isitoke nyumbani kabla hujafuta mahali ilipopigwa. Ardith aliwaambia wanafunzi wake hivyo kila majira ya kuchipua, uso mkavu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza aliijifunza wapi.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei alikuwa jikoni akipanga mkoba wa kazi yake ya kuipigia ofisi ya ardhi picha za jangwa, wifi yake Nedra akaingia bila kubisha, chupa ya asali kwapani. Nedra alikuwa dada wa marehemu Orval, mume wa Ardith. Alifuga nyuki, alicheka kwa sauti, na goti lake la kushoto lilimtabiria mvua kuliko redio. Wanawake hawa wawili walikuwa wakigombana tangu siku ya harusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kuhama mtaa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hawakulizungumza, nalo ni Dallin, mtoto wa pekee wa Ardith. Miaka kumi na mmoja sasa Dallin hakuwa amekanyaga Harlow. Alimpigia simu shangazi yake kila mwezi, na Ardith alijua, na Nedra alijua kwamba anajua. Habari zilipita kwa Sarjenti, mbwa wa Ardith. Nedra angeketi, amkune Sarjenti nyuma ya masikio, aseme, "Sarjenti, unajua kuna mtu fulani amevunjika kidole huko Oregon? Si kibaya, lakini." Au, "Sarjenti, mtu fulani amepata kazi Nevada. Picha zake zimo kwenye jarida." Ardith angeendelea kuosha vyombo, ameupunguza mfereji ili maji yasipige kelele. Mbwa yule alikuwa amezeeka na siri nyingi kuliko kasisi.

Siku hiyo Sarjenti alikuja mwenyewe kuketi mbele ya Nedra, akainua kichwa, akangoja. Nedra hakumgusa.

"Leo siongei na mbwa," alisema. "Naongea na wewe, wifi."

Ardith akaweka chini lenzi aliyokuwa akiifuta.

Nedra alieleza kwa kifupi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Dallin yuko Ely, ng'ambo ya mpaka wa Nevada, saa tano kwa gari. Anamalizia kazi. Jumamosi anapanda ndege kwenda Chile, jangwa la huko, ambako chuo fulani kinajenga darubini kubwa na kimemwajiri apige picha za ujenzi. Miaka mitatu. Pengine zaidi, maana kuna mwanamke wa huko anayetajwatajwa. Alikuwa amempigia shangazi yake jana jioni kuaga, na walipokaribia kukata simu akamuuliza swali.

"Swali gani?"

"Aliuliza, 'Shangazi, gamba limeota?'"

Ardith akaufunga mkoba, akaufungua tena.

"Mimi najua nini kuhusu gamba?" Nedra aliendelea. "Nafuga nyuki. Nikamwambia nitamuuliza mwenye gamba lake."

"Alikuwa anacheka alipouliza?"

"Mwanzoni alicheka."

Ardith akaichukua tena lenzi akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Juu ya Harlow, ndani kabisa ya makorongo, kuna mahali familia ya Haws walipaita Bakuli. Orval alipagundua akitafuta mtamba aliyepotea. Ni bonde dogo la mviringo, limezungukwa na kuta nyekundu, na katikati yake gamba jeusi lililokuwa halijaguswa na kwato wala kiatu tangu dunia iumbwe, au hivyo ndivyo Orval alivyopenda kusema. Kila Mei maua meupe ya sego yalisimama juu ya gamba lile, mabua membamba, kama vikombe vilivyotengwa kwa ajili ya wageni. Watu watatu tu ndio waliojua njia: Orval, Ardith, na Dallin. Walikwenda mara moja kwa mwaka, wakaketi juu ya mwamba wa ukingoni, wakala mikate yao, wakarudi. Orval alipofariki, Dallin akiwa na miaka kumi na miwili, walikwenda wawili. Mtoto alibeba mkate wa tatu akauweka mwambani, kisha akaona mama yake anamtazama, akaula.

Dallin alipotimiza miaka ishirini Ardith alimnunulia kamera mpya, nzuri, iliyomgharimu msimu mzima wa kazi. Mei ile Dallin alikwenda Bakuli peke yake akapiga picha: mwezi juu ya ukuta, maua chini, gamba likiwa na umande. Hakuweka buti mahali pabaya. Alipanda mwambani kama alivyofundishwa. Akaiweka picha ile kwenye mtandao bila kuandika jina la mahali, wala la wilaya, wala la jimbo.

Lakini ndani ya picha, pale ambapo jicho halifiki, kamera ilikuwa imeandika yenyewe mahali iliposimama, hadi hatua ya mwisho.

Wiki ya tatu walikuja watu watatu. Mwezi wa pili walikuja kwa makundi, na mwezi wa nne mtu alifika na pikipiki ya magurudumu manne, akazunguka katikati ya Bakuli kwa raha zake. Kufikia majira ya kupukutika pale palikuwa kama zizi. Upepo ukachukua mchanga. Mei iliyofuata halikutoka ua hata moja.

Ardith ni mtu wa maneno machache, na machache hayo hukata. Mezani, viazi vya jibini vikiwa bado vinatoa mvuke, mtoto wake alimwambia kwamba hakuandika mahali. Alimwambia mara mbili. Ardith akasema kila mwongo husema hivyo. Kisha akasema, "Usikanyage mlango huu mpaka gamba lile liote tena."

Dallin akauliza ni muda gani. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei. Na Ardith, mwenye cheti chake cha chuo cha maliasili, ambaye hajawahi kumdanganya mtu kwa tarakimu, akajibu, "Miaka hamsini. Ukibahatika."

Mtoto akala akamaliza. Akainuka, akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini. Kamera akaiacha juu ya kitanda.

Mdomo huponza kichwa. Wa Ardith ulimponzea mtoto aliyemzaa.

"Mpelekee picha," Nedra alisema sasa, kule jikoni. "Si leo unakwenda huko huko? Si ndiyo kazi yako, kupiga picha ya vumbi lile lile kila mwaka? Piga moja, mpelekee. Kama limeota, aambiwe limeota."

"Na kama halijaota?"

"Wifi, mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Wewe ulikata. Miaka kumi na mmoja unatembea na kigutu hicho na kila mtu anajifanya haoni. Mimi nimechoka kuongea na mbwa."

Walikwenda na pikapu ya Ardith. Nedra alishika ufunguo wa mageti yote na kuongea njia nzima: nyuki, askofu wa kanisa lao, bei ya nyasi kavu. Penye mwisho wa njia ya gari Nedra alibaki, kwa sababu ya goti, akashusha kiti nyuma na kujifunika kofia usoni. Ardith akajitwika mkoba na stendi ya miguu mitatu, akashika korongo.

Alikuwa na miaka sitini na minne na alitembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Mchanga, kisha mwamba, kisha mchanga. Mahali korongo linapobanana alipita kiubavu, mkoba ukiwa mbele kama mimba. Alipokuwa anamfundisha Dallin njia ile, mtoto alikuwa na miaka mitano na alirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe akihesabu. Jiwe la arobaini na saba lilikuwa la kupumzikia. Ardith hakuwa na desturi ya kupumzika. Alipofika kwenye jiwe la arobaini na saba alisimama, akanywa maji, akaendelea.

Ofisi ya ardhi ilikuwa imeziba njia ya zamani kwa mawe makubwa miaka sita iliyopita, na watu wakasahau, kama watu wanavyosahau kila kilichowahi kuwasisimua. Mwambani, ukingoni mwa Bakuli, kulikuwa na kipande cha chuma kilichopigiliwa. Hapo ndipo Ardith alipofunga stendi kila Mei, kimo kile kile, lenzi ile ile, ikitazama upande ule ule, ili mwaka huu uweze kulinganishwa na mwaka jana bila hila. Alikuwa na vyuma kumi na viwili kama hicho jangwani kote. Kumi na kimoja alivipigia picha kwa ajili ya ofisi.

Alitazama.

Sehemu kubwa ya Bakuli ilikuwa bado wekundu mtupu. Alama za magurudumu zilikuwa zimefifia lakini zilionekana, mizunguko mitatu, kama mtu aliyekoroga chai akaondoka. Hapa na pale palikuwa na wingu la kijivu juu ya mchanga, ule utando wa kwanza, mwembamba kama ngozi ya maziwa. Ni mwanzo. Miaka kumi na mmoja, na ni mwanzo. Alipiga picha kutoka kwenye chuma, akaandika tarehe na saa kwenye daftari, akafunga daftari.

Kisha akazunguka kwa njia ya mwambani hadi upande wa kaskazini, penye mti mmoja mzee wa mreteni uliopinda. Chini ya kivuli chake mwamba ulikuwa umekikinga kipande cha udongo wakati ule wa watu wengi, na mwaka hadi mwaka kipande kile kilikuwa kinajipanua. Sasa kilitosha meza ya watu wanne. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa na vinundu, na juu ya vinundu ukoga wa rangi ya haradali, ambao hauji mpaka gamba likubali. Na katikati, juu ya bua jembamba kuliko penseli, ua moja la sego lilikuwa limefunguka.

Ardith akapiga magoti juu ya mwamba. Goti likalia, akalikaripia.

Kile alichokitamani hakikuwa ua. Alitamani mtu wa kumwambia, "Tazama," na mtu huyo awe anajua. Watu wengi wangesema ni zuri. Mmoja tu duniani angejua ni miaka mingapi imo ndani ya kile kipande cha meza, na angekaa kimya jinsi inavyopaswa, kisha angeuliza kama kuna mkate.

Akalala kifudifudi, kamera chini kabisa. Akaegemea kushoto hadi mchanga mtupu ukatoka kwenye picha. Akashuka kidole kimoja, mizunguko ya magurudumu ikazama nyuma ya vinundu. Kilichobaki kilikuwa gamba jeusi lililojaa picha yote hadi kwenye ukuta mwekundu wa mbali, na ua, na jua la alasiri likipita ndani ya petali kama taa ndani ya kikombe. Ukiitazama ungeapa Bakuli limepona. Ungeapa halijawahi kuguswa.

Akaipiga. Mara moja tu. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopiga tangu Orval afe, na alilijua hilo kabla hajaiangalia.

Alipofika kwenye pikapu Nedra alikuwa macho, anakula karanga. Ardith akampa kamera bila neno. Nedra akasogeza miwani, akatazama.

"Limeota," alisema. "Wewe mwanamke. Limeota na ulikuwa umenyamaza." Machozi yakamtoka waziwazi, kama afanyavyo kila kitu. "Twende kilimani. Twende tumpelekee sasa hivi, kabla hujaanza kufikiri."

Simu ya mkononi haishiki Harlow kote isipokuwa kwenye kilima chenye wavu wa chuma uliotandazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Kila mwenye jambo la haraka huja kuegesha pale, na si ajabu kukuta magari manne, kila mtu amegeuzia wenzake mgongo. Alasiri ile hawakumkuta mtu. Njia nzima Nedra alikuwa anapanga: Dallin atalala chumba chake, godoro lianikwe, yeye atoe asali ya mwaka juzi iliyo bora. Ardith aliendesha. Machozi ya Nedra hayakumtoka akilini. Nedra hakuwa mjinga. Amezaliwa katika jangwa lile, na picha moja ilikuwa imemhadaa kwa muda wa kumenya karanga.

Akaegesha. Akahamisha picha zote mbili kutoka kwenye kamera kwenda kwenye simu, akaziweka pamoja kwenye kioo, akamwonyesha Nedra ile pana, aliyoipiga kutoka kwenye chuma.

Nedra akatazama mizunguko ya magurudumu. Akatazama ile nyingine.

"Hizi ni za leo zote?"

"Zote."

"Basi mpelekee ya ua. Si ya kweli? Si umeipiga kwa mkono wako?"

"Kila kilichomo ni kweli," Ardith alisema. "Uongo uko nje ya kingo."

"Wifi, sikiliza. Jumamosi anaondoka. Mpelekee ua, aje, mengine tutayasema akiwa ameshiba. Atakuua kwa ajili ya ukingo wa picha?"

"Akija kwa hii, atakuwa amekuja kwa sababu gamba limeota." Ardith akaisukuma ile picha ya ua nje ya kioo. "Mimi nataka aje."

Nedra akavua miwani.

"Na kuna lingine," Ardith alisema, akitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Ile kamera. Kabla sijamfungia zawadi niliitumia wiki mbili kwenye vyuma vyangu. Niliiwasha iandike mahali, kwa ajili ya kazi. Sikuizima. Kamera yake ya zamani haikuwa na kitu hicho. Hakusahau kufuta, Nedra. Hakujua kuna cha kufuta."

"Umejua lini?"

"Miaka sita. Nilikuwa nasafisha kabati. Nikaichaji, nikaona bado inaandika mahali."

Nedra alikunja karatasi ya karanga mara mbili, mara nne, hadi ikakataa kukunjika.

"Miaka sita," alisema mwishowe. "Nimeongea na yule mbwa miaka sita ya bure."

"Ndiyo."

"Ningekupiga, ila goti."

"Najua."

"Basi andika," Nedra alisema. "Andika wewe, kwa kidole chako. Namba yake hii."

Ardith akachagua picha ya chuma. Ile pana, yenye mchanga mtupu na mizunguko mitatu, na kule mbali, upande wa kaskazini, doa jeusi chini ya mti ambalo mtu asiyejua asingeliona. Simu ikamuuliza, kama inavyouliza siku zote, kama afute mahali picha ilipopigwa. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye futa, kwa mazoea ya miaka. Akakisimamisha. Alijua, kwa sababu Sarjenti aliwahi kuambiwa, kwamba Dallin hutazama hapo kwanza kabla hajatazama picha yenyewe. Kwamba wenzake wanamcheka, wanamwita Mfutaji. Kwamba hajawahi tena kuachia picha hata moja ikiwa na mahali ndani yake.

Hakufuta. Akaandika:

"Halijaota. Kamera niliiwasha mimi, nikakutia wewe hatiani. Njoo nyumbani. Mama."

Akasoma mara moja, akatuma, akaiweka simu juu ya dashibodi kama kitu cha moto.

Wakangoja. Upepo ulipiga filimbi kwenye wavu wa chuma. Ng'ombe mmoja wa jirani alikuja hadi ukingoni, akautazama wavu, akawatazama wao, akarudi. Nedra alisema pengine yuko kazini. Baadaye akasema pengine simu yake imezima. Baadaye akasema anahitaji choo na hawezi kuchuchumaa kwa goti lile, na Ardith akamwambia achukue gari, ampitie kabla giza halijaingia. Nedra akabisha, akashindwa, akaondoka polepole, akichungulia kiooni hadi kwenye kona.

Ardith akaketi juu ya nguzo ya zege iliyo kando ya wavu, simu mkononi. Ilionyesha ujumbe umesomwa. Umesomwa saa kumi na dakika sita. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Alifikiria yale yote mtu anayoweza kufanya kwa muda wa karibu saa nzima: kuosha sahani, kuifuta, kuirudisha kabatini.

Simu ikatetemeka.

"Ulisema hamsini," Dallin alikuwa ameandika. "Imebaki mingapi?"

Hakuweza kujua kama anacheka. Alijaribu kuisikia ile sauti, na sauti iliyomjia ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye sahani mkononi. Sasa ana thelathini na miwili. Sauti ya mtu huyo hakuwa anaifahamu.

Akapiga hesabu, ingawa hakuihitaji. Alikuwa ameipiga kila Mei. Akaandika, "Thelathini na tisa." Akatazama tarakimu ile kwa muda. Ilikuwa sahihi. Kisha akaongeza, "Viazi vitapoa," akatuma.

Halikuja jibu jingine. Jua likashuka, likaingia upande wa Nevada, ambako barabara inatokea kati ya vilima viwili vya kijivu. Mtu akija kutoka huko, vumbi lake huonekana dakika ishirini kabla ya gari lenyewe. Ardith alijua kwamba kutoka Ely ni saa tano. Hata kama angeondoka sasa hivi, hata kama angeondoka bila kufunga begi, leo jioni lisingeonekana vumbi lolote.

Hesabu ilikuwa wazi kabisa. Akageuka juu ya ile nguzo, akakaa vizuri, akaikazia macho barabara.